Sikio la Kushoto

Kituo cha Afya
2 Mei 1988

Mwanangu mpenzi, Mama Kasuku,

Salamu zako zilinifikia kwa dereva wa gari la dawa, pamoja na sabuni na ile sweta. Sweta imemtosha Kasuku, ila ameivaa mgongo mbele siku mbili nzima na hakuna aliyethubutu kumwambia. Ana miaka minne tu, lakini nyumba hii anaiendesha yeye. Mimi ni mpangaji.

Usishtuke kwa nitakayosema, maana yamekwisha. Jumanne iliyopita alianza mafua, Alhamisi akashika sikio la kushoto na kulia kilio cha mtu mzima. Homa ilikuwa juu. Nilimpa dawa ya maumivu, nikamweka mapajani, nikachungulia kwa tochi ya masikio. Wekundu kidogo, jambo la kawaida kwa mtoto mwenye mafua. Nikamwanzishia amoksilini ya maji, kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni. Ijumaa alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kama tuna msiba. Jumamosi asubuhi, kimya! Ameamka, amekunywa uji, anagombana na paka. Kwenye mto kulikuwa na doa la manjano, nadhani ni udenda.

Jana nimechungulia tena. Kiwambo cha sikio ni kizima, kinang'aa kama lulu, na mwanga umeketi pale pale chini unapotakiwa kuketi. Ungependa kukiona. Ni kama kimechorwa kitabuni.

Kwa hiyo tulia, usome. Nakujua, utataka kupanda basi kwa ajili ya mafua. Kozi ya masikio ya miezi tisa haiokotwi njiani, na mimi nimeshajigamba kwa kila mgonjwa kwamba binti yangu atarudi fundi wa masikio kuliko mimi. Ukirudi kabla ya wakati, uso wangu nitauweka wapi? Baba yake Kasuku, Mungu amrehemu, angesema hivyo hivyo.

Nesi anakusalimu. Anasema umekonda kwenye picha.

Baba yako


Bweni la Wauguzi, Hospitali Kuu
9 Mei 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana, nimeisoma nimesimama. Mwandiko wako umenenepa, Baba! Ukurasa mzima una mistari minane, na yote inateremka kulia kama inakimbilia mlango. Kituo kimepewa shehena ya karatasi, au unaandika huku Kasuku amekalia mkono?

Hapa kazi ni kazi. Kliniki yetu ina benchi moja refu, na kufika saa nne kuna watoto arobaini juu yake. Mama anamkalisha mtoto mapajani, mkono mmoja unakumbatia kichwa, mwingine unabana vile vimikono. Sisi tunavuta sikio taratibu kwenda nyuma, tunachungulia. Daktari bingwa anayetufundisha ni mkali, hana mchezo. Wiki iliyopita mwenzangu aliandika "kiwambo kinang'aa" kwenye kadi ya mtoto ambaye sikio lilikuwa limezibwa na nta tupu. Mzee aliisoma kadi kwa sauti mbele ya benchi lote, kisha akasema: "Andika ulichokiona. Ulichosoma tunacho maktaba."

Ndiyo maana nakuuliza, na usinikasirikie. Maumivu yakikatika ghafla na mto ukakutwa na doa, maana yake usaha uliojaa kwenye sikio la kati umekitoboa kiwambo na kutoka. Mtoto anatulia kwa sababu usaha haumsukumi tena, lakini ugonjwa bado uko mle ndani. Haya wewe ndiye uliyenifundisha mwanzo, nikiwa bado nashona vifungo vya makoti yako. Sasa kiwambo kilichotoboka Jumamosi kitang'aaje Jumapili? Hukuchungulia sikio la kulia kwa bahati mbaya?

Tafadhali, Baba, nifanyie haya. Amoksilini aimalize siku kumi kamili hata kama homa imeisha. Sikio likitoa maji, lisafishwe kwa utambi wa kitambaa safi kikavu, na lisiingie maji ya kuoga wala mafuta. Umwite kwa nyuma bila kumgusa, uone kama anageuka. Na kila siku umtazame nyuma ya sikio.

Ukiniambia yote yako sawa nitalala. Mbusu Kasuku kwenye ile pua yake.

Mwanao,
Mama Kasuku


Kituo cha Afya
16 Mei 1988

Mwanangu,

Nilianza kuchungulia masikio kabla wewe hujaota meno. Miaka thelathini na moja, watoto wa watoto wa wagonjwa wangu wa kwanza sasa wananipigia hodi. Nasema hivi kwa upendo. Sikio la kulia nalijua na la kushoto nalijua.

Doa lilikuwa udenda. Amoksilini nilimpa siku tano, homa ikaisha, nikaisimamisha, na chupa iliyobaki nikampa mama mmoja ambaye dirisha la dawa lilimwambia hakuna. Dawa ni za kuokoa watu, hazitunzwi kabatini kama vyombo vya harusi. Huko hospitali kuu mna makabati yaliyojaa, huku tunagawana.

Umeuliza kama anageuka akiitwa. Hageuki! Lakini huyu ni mwanao, na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Namwita mara tatu anaendelea kupanga vizibo vyake vya soda kama sipo. Nikimsogelea usoni ndipo anajibu, tena kwa kupiga kelele, kama mnadi samaki. Nesi akamwambia Jumamosi, "Sikio la kufa halisikii dawa," tukacheka sana. Anachoka upesi siku hizi, halafu ananuna. Jana kihomahoma kimerudi kidogo. Ni meno ya nyuma hayo, au hali ya hewa.

Nikupe la kukuchekesha. Unamkumbuka marehemu mama yako na yale masikio yake ya kusimama, hata akifunga kitambaa yanachomoza? Basi Kasuku ameyarithi! Mama wa duka la mkabala ndiye aliyeliona kwanza. Alisema, "Tabibu, mbona sikio la kushoto la mtoto limesimama kuliko la kulia? Limejitenga na kichwa kabisa." Nikalipapasa kwa mbele, kweli limetoka, linatazama mbele kama mlango ulioachwa wazi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Miaka sita tangu mama yako aondoke, na leo kipande chake kinatembea uani kwangu. Damu haipotei.

Soma. Mtihani wako ni tarehe ngapi?

Baba yako


Bweni la Wauguzi, Hospitali Kuu
23 Mei 1988
KWA MKONO WA UTINGO WA BASI. IFIKE HARAKA.

Baba,

Barua yako ya tarehe kumi na sita imenifikia sasa hivi. Wiki nzima njiani. Simu ya posta ya huko haishiki, nimejaribu mpaka mhudumu amenifukuza. Naandika haraka, nisamehe salamu.

Sikio halirithiwi katika mwaka wa nne, Baba. Kasuku alizaliwa na masikio yaliyolala, yote mawili, mimi ndiye niliyemwogesha. Sikio moja likisukumwa mbele ghafla, wiki tatu baada ya usaha, mtoto ana homa tena, hasikii, anachoka, ni kwamba ugonjwa umetoka sikio la kati ukaingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mfupa ule una vyumba vidogo vidogo kama sega, usaha unaujaza. Kutoka pale mpaka kwenye ubongo ni unene wa kadi. Na mshipa unaoendesha uso unapita mle mle. Nimeona wawili hapa tangu Machi. Mmoja tulimrudisha kwao salama. Mwingine sitaki kukuandikia.

Fanya hivi, kwa mkono wako: weka kidole nyuma ya sikio la kushoto, bonyeza taratibu. Ikiwa pana joto, pamevimba, pamelainika, au akipiga kelele ukimgusa, usingoje kitu. Mpakie siku hiyo hiyo, kwa gari lolote, hata la mchanga. Usimpe dawa ya kumezesha ukangoja uone. Anahitaji dawa ya mshipani na kisu, na vyote viko huku.

Ningepanda basi hili mwenyewe, lakini wewe ukimtuma nami niko njiani tutapishana, na mama yake atakuwa kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji huku yeye yuko mlangoni mwa hospitali. Nimeshazungumza na daktari bingwa wetu, ameniambia kitanda kipo. Nitakuwa ninashinda pale getini.

Utingo ameapa barua hii itakuwa mkononi mwako Jumatano asubuhi. Nitawangoja Alhamisi.

Baba, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kama hiki.

Mama Kasuku


Kituo cha Afya
27 Mei 1988, Ijumaa

Mwanangu,

Ni mimi, Nesi. Barua hii inakuja na mtoto, ndani ya gari la wagonjwa. Ameletwa na binti yangu wa pili, unamjua, ana akili. Mimi sikuweza kuja. Ningekuja, nani angebaki kituoni anayeona?

Sasa nimeshasema, ngoja nimalize.

Baba yako haoni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili huu. Anaona mwanga na kivuli cha mtu mlangoni. Alinishika mkono akaniapisha, nami nikaapa, maana mimi aliniajiri nikiwa sijui hata kushika bomba la sindano. Tukatengeneza utaratibu wetu. Mtoto akiletwa, yeye anashika tochi na kuuliza maswali, mimi nachungulia na kusema nilichoona, yeye anataja dawa. Wagonjwa wanadhani ananifundisha. "Tabibu ana subira na nesi wake," wanasema. Na kwa kweli hatukuwahi kumkosea mtu, kwa sababu kichwa chake ni kizima na macho yangu ni mazima.

Lakini Kasuku hakuletwa kituoni, alikuwa nyumbani. Nilimwambia, nipe nimtazame, akasema ameshamtazama. Nikamwambia tena, akafoka. Watoto wa watu wote nimewaona mimi, na wa nyumba yake hakuna aliyemwona. Hilo ndilo linalonikata maini.

Barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea. Ile ya tarehe tisa, nilisimama pale unapouliza kama alichungulia sikio la kulia. Nikamwambia tukuambie ukweli. Akasema barua ya mwanawe ataijibu mwenyewe.

Jumanne niliondoka kwenda kwenye chanjo za vijiji vya ng'ambo, nimerudi leo saa tano. Nimemkuta amekaa kitandani amempakata mtoto. Barua yako aliipokea kwa utingo Jumatano, ikawa mfukoni mwa koti lake siku mbili, maana hakukuwa na wa kumsomea na hangemwomba mtu mwingine. Nilimsomea nimesimama. Kabla sijafika mwisho alisema, "Piga redio, waite gari."

Uvimbe nyuma ya sikio ni wa kujaza kiganja chake mwenyewe Kasuku. Homa ni kali. Ametapika mara mbili. Na mwanangu, jikaze: jicho la kushoto halifumbi vizuri, na mdomo umevutwa kulia.

Babu yake alipanda garini, akakaa, kisha akashuka. Sikumuuliza.

Nilaumu mimi. Yeye ni mzee na alikuwa anaficha aibu. Mimi nilikuwa naona.

Nesi, niliyekuchoma sindano ya kwanza


Wodi ya Watoto, Hospitali Kuu
2 Juni 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama Nesi, namwandikia yeye lakini ninajua unasoma wewe. Msomee polepole, na usiruke kitu.

Kasuku yu hai. Gari liliingia getini Jumamosi alfajiri, saa mbili alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Walifungua mfupa nyuma ya sikio, usaha ukatoka mwingi. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango na koti langu la kozi, manesi wenzangu wakinipita hawajui waniite mwanafunzi au mama. Ilichukua saa tatu. Siku ya nne aliomba maji. Leo amemkaripia mhudumu wa usafi kwa kusogeza kandambili zake.

Sikio la kushoto limekufa. Hatasikia tena kwa upande huo. Na upande wa kushoto wa uso haujarudi. Akicheka, anacheka upande mmoja, na jicho tunalifunga kwa plasta akilala ili lisikauke. Bado hajajiona kwenye kioo. Nimekiondoa kwenye mkoba wangu.

Sasa sikiliza, Baba. Nilipoisoma barua ya Nesi nililia kwa ajili yako kabla sijalia kwa ajili ya mwanangu. Miaka miwili gizani, na mimi nakutania mwandiko! Nakuuliza kwa nini mistari inateremka! Kungekuwa na mtu wa kukusomea Jumatano, ungemleta Jumatano, hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Ulichosema umekiona, ulikiona kwa kumbukumbu, ukaamini. Mganga hajigangi. Sina kinyongo. Nakuapia mbele ya Mungu sina.

Na usijitese kwa zile siku mbili. Nilimuuliza daktari bingwa mwenyewe, amesema hazikubadilisha kitu. Uharibifu ulishafanyika zamani.

Kuna jambo moja dogo limenishangaza. Mapajani mwa Kasuku kuna alama nne za sindano, mbichi. Daktari aliniuliza kabla ya upasuaji kama alishapewa dawa ya sindano, nikasema hapana, nikadhani ni chanjo za Nesi. Nesi, ni zako?

Macho yako yanatibika. Wanayafanyia hapa hapa, ghorofa ya pili, watu wanaingia wameshikwa mkono na kutoka wenyewe. Nitakutafutia nafasi.

Mwanao anayekupenda,
Mama Kasuku


Kituo cha Afya
11 Juni 1988

Mwanangu,

Barua hii Nesi hajaiona. Naandika kwa rula chini ya kila mstari, siku ya tatu leo. Kama maneno yamepandana, vumilia.

Zile alama si za Nesi, ni zangu.

Jumatano asubuhi utingo alinipa barua yako. Alisema imetoka kwako na ni ya haraka. Niliiweka mfukoni. Kisha nikamwogesha Kasuku. Nilipopitisha kitambaa nyuma ya sikio la kushoto, vidole vikakuta uvimbe. Wa moto, laini, unabonyea kama embe lililopitiliza. Akapiga ukelele, akanishika mkono.

Vidole hivi vina miaka thelathini na moja kazini. Havina mtoto wa jicho. Nilijua ni nini, nilijua jina lake, nilijua kinachofuata. Sikuhitaji mtu wa kunisomea barua. Nilijua ulichoandika kama vile nilikutamkia mimi.

Gari la wagonjwa lingekuja kwa redio, kama lilivyokuja Ijumaa. Redio iko hatua kumi kutoka kitandani kwangu, naifikia gizani.

Nikawaza hivi. Akienda leo, wataniuliza: Tabibu, ulimwona lini, uliona nini? Na wewe uko pale getini. Wewe, niliyekufundisha kushika tochi. Mwanangu, sikumwogopa mganga mkuu wala watu. Nilikuogopa wewe. Nikasema moyoni, nimpige sindano za penisilini kwa siku mbili, uvimbe utashuka, Nesi atarudi akute mtoto mzima, atanisomea barua yako tukicheka, na nitakuandikia kwamba ulikuwa na wasiwasi bure. Nikamchoma Jumatano mchana, Alhamisi asubuhi, Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi. Sikuandika daftarini.

Alhamisi jioni alikunywa maji yakamtoka pembe ya mdomo. Nikamwambia acheke. Nikalishika shavu la kushoto alipokuwa anacheka, halikusogea. Hapo nilijua pia. Na bado nikangoja mpaka Nesi arudi, kwa sababu nilishachelewa siku moja, na mtu aliyechelewa siku moja ana la kueleza.

Ijumaa Nesi aliponisomea, nilijifanya nasikia kwa mara ya kwanza. Nilikatiza kabla ya mwisho ili nionekane nina haraka.

Nilipanda gari kuja kwako. Nilipokaa nikakumbuka kwamba njia nzima Kasuku atakuwa amenilalia, nikashuka.

Umenisamehe macho. Barua yako Nesi aliisoma huku analia, nami niliipokea kama mtu anayepokea zawadi iliyoandikwa jina la jirani. Siwezi kuitunza. Macho hayakumfanya Kasuku jambo lolote ambalo Nesi hangelirekebisha kwa dakika moja. Ni mimi niliyemficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha yangu, akaumbuliwa mtoto.

Nimemwandikia mganga mkuu kila kitu. Funguo za kabati la dawa anazo Nesi. Yeye hakujua lolote la siku hizo mbili, usimguse.

Sina ombi.

Baba yako


Wodi ya Watoto, Hospitali Kuu
20 Juni 1988

Baba,

Nimeandika kwa herufi kubwa na wino mzito ili uisome mwenyewe. Ukishindwa, weka mpaka utakapoweza. Nesi asikusomee hii.

Barua yako niliisoma mara moja, nikairudisha kwenye bahasha. Nilikaa ngazini mpaka kengele ya chakula.

Na mimi nilikudanganya. Daktari bingwa hakusema kwamba zile siku mbili hazikubadilisha kitu. Nilipomuuliza, aliweka kalamu chini akanitazama. Alisema sikio pengine lisingepona kwa vyovyote. Lakini uso, alisema, mshipa wa uso ulibanwa siku moja au mbili tu kabla hajafika. Angefika Jumatano au Alhamisi, angetoka hapa na uso wake. Alisema pia kwamba sindano kidogo kidogo huteremsha homa na kuficha mwendo wa ugonjwa, na ndiyo maana aliniuliza kama amechomwa. Nikamwambia hapana, hakuna mtu aliyemchoma.

Nilikuficha kwa sababu niliona umeshaadhibiwa na giza, sikutaka kukuongezea.

Macho nimekusamehe, na sirudi nyuma. Vidole sijui. Labda siku moja. Leo sijui.

Kasuku ameruhusiwa kutoka Ijumaa. Tutakaa bwenini, wenzangu wamempisha kitanda. Anakuuliza kila asubuhi. Amejifunza kugeuza kichwa ili nimsemeshe sikio la kulia, na watoto wa wodini walipomwigiza mdomo wake alicheka nao, akadhani ni mchezo.

Nafasi yako ya macho imepatikana, tarehe tano Julai, ghorofa ya pili. Nesi atakupandisha basi, mimi nitakupokea. Daktari wa macho anasema wanatoa bandeji siku inayofuata, na mtu wa kwanza kumwona anakuwa yule aliyekaa mbele ya kiti. Nimeshamwambia tutakuwepo. Nitamkalisha Kasuku mapajani, kwenye mwanga wa dirisha, na nitamwomba acheke.

Njoo, Baba. Nataka umwone.

Mama Kasuku